Doto Bado Yuko Chini

Doto,

Bibi alinikataza kukulilia. Siku tuliyokuzika alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akaniambia pacha aliyebaki haangalii kaburini wala hatoi machozi, asije akaitwa na mwenzake. Nikakaa kando ya mafiga nikisikia watu wengine wakikulilia kwa sauti, hata wale uliokuwa umegombana nao. Nimemtii Bibi mpaka leo. Lakini kuhusu kuandika hakusema neno, kwa hiyo naandika, na karatasi ikilowa tutasema ni jasho. Joto la Shinyanga unalijua.

Nianze na habari za nyumbani, maana usiposikia za Mama hutanisikiliza. Mama yupo. Goti linamsumbua lakini shambani anakwenda, na mbuzi wa jirani bado anamtukana kila asubuhi. Mdogo wetu Shija ameolewa Ushirombo na fundi baiskeli mpole kupita kiasi. Ungemtania wiki nzima na asingejua kwamba anataniwa. Bibi macho yamefifia, ila anamtambua kwa hatua kila mtu anayeingia uani. Nikiingia mimi hunyamaza kidogo kabla ya kuitikia shikamoo yangu. Nadhani anasubiri hatua za pili.

Mama naye akiniita huanza na jina lako. Anasema "Doto," anakwama, halafu anasema "Kulwa." Na mimi nimekwisha itika tangu lile la kwanza. Unakumbuka tulivyokubaliana tukiwa wadogo, kwamba yeyote atakayeitwa, aitike aliye karibu, ili kumwondolea mwitaji taabu ya kututofautisha? Mwalimu wa hesabu alikuwa akimchapa yeyote kati yetu aliyemkuta mlangoni. Wewe ulisema ni haki, kwa kuwa kosa letu ni moja hata kama matako ni mawili. Nilicheka darasani nikaongezewa. Tuliitikia majina yote mawili mpaka tukawa watu wazima, na wala hatukuona ubaya wake.

Sasa nikueleze kazi ninayofanya, na utulie kwanza. Nafanya kazi ya kompyuta. Mimi, wa darasa la saba, ambaye barua ya kwanza kwa msichana uliniandikia wewe.

Baada ya msiba sikurudi machimboni. Nilikuja hapa mjini nikapata kibarua kwenye duka la vipuri vya mashine za kusaga, duka la Mzee Sultani, Mhindi mmoja mkali wa maneno na laini wa moyo. Nilikuwa nabeba mikanda na mabomba, nafagia, nafungasha. Binti yake, Zubeda, alikuwa amerudi kutoka masomoni na kompyuta mbili, akaziweka chumba cha nyuma ambako zamani walihifadhi mafuta ya mashine. Anatengeneza programu, yaani yale maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye nini. Siku moja alinikuta nimesimama mlangoni na ufagio namtazama, nikadhani atanifukuza. Akasema, "Kaka Kulwa, hebu njoo uniharibie kitu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Alikuwa ametengeneza programu ya kuhesabu vipuri dukani, na kila alipoijaribu mwenyewe ilikwenda vizuri. Alisema tatizo ndilo hilo, kwamba yeye anajua mahali pa kugusa, kama mwenye nyumba anayejua kigoda chake kibovu na hakikalii kamwe. Alitaka mtu asiyejua. Akaniketisha. Kidole changu kimoja kilikuwa kinatafuta herufi kama kuku anayechambua chawa. Nikaandika kwamba tumeuza mikanda mingi kuliko iliyopo, na mashine ikakubali bila kuuliza. Zubeda akapiga makofi. Nilidhani ananicheka.

Siku zile nilikuwa nikimwendea na kusema, "Dada, imeharibika." Akanikataza. "Usiniambie imeharibika. Niambie ulifanya nini, ulitegemea nini, ukaona nini." Ndiyo kazi yote, Doto. Huhitaji kujua programu imefumwaje ndani, kama vile hukuhitaji kuwa seremala ili ujue kiti kinayumba. Unahitaji subira, na ubishi, na kumfikiria mtu mwenye haraka na mikono michafu atakavyoigusa. Nimejifunza kupiga chapa kwa vidole vyote. Nimejifunza kuwasha jenereta umeme ukikatika. Kiingereza bado kinanipiga chenga, lakini Zubeda anaandika maneno ya kwenye kioo kwa Kiswahili kwa sababu wanaotumia programu zake ni walinzi na makarani wa huku huku. Sasa nina meza yangu, na Mzee Sultani ananitambulisha kwa wateja kama "mjaribu wetu," kwa sauti ile ile anayotumia kutaja jenereta yake.

Na kila anaposema hivyo natamani kujificha chini ya meza, kwa sababu kazi hii ni yako.

Ni wewe uliyefungua redio ya Baba kuona anayeongea amekaa wapi. Ni wewe uliyesukuma ukuta wa choo kipya cha shule mpaka ukaanguka, ukasema bora uanguke na wewe kuliko uanguke na mwalimu mkuu. Na kila duara, yaani shimo la dhahabu, tuliloshuka kule mbele ya Kharumwa ulipiga teke yale matimba, nguzo zinazozuia kuta, kabla hujaweka mguu kwenye kamba. Wachimbaji walikucheka kwamba unaliamsha shimo lililolala. Mimi ndiye niliyekuwa nashuka tu, namwamini kila aliyesema pako salama. Mtu wa kukaa kwenye kiti hiki angekuwa wewe. Nimekalia kiti chako, na nimekikalia kwa kuwa haupo.

Lakini si hilo ninalokuandikia. Nazunguka, unajua ninavyozunguka.

Mwaka huu Zubeda alipata kazi ya kampuni moja inayoanza kuchimba kwa mitambo upande wa Geita. Walitaka programu ya getini. Mfanyakazi anaandikishwa mara moja, kisha kila anaposhuka mgodini mlinzi anagusa jina lake, na akipanda anagusa tena. Mwisho wa zamu mashine inaonyesha majina ya waliobaki chini, na kama kuna hata mmoja, hakuna anayekwenda nyumbani mpaka apatikane. Zubeda alipomaliza kunieleza nikatoka nje kunywa maji. Nilikunywa vikombe viwili.

Akaniambia niingize watu wa kujaribia. Alinishauri niandike watu ninaowajua, kwa kuwa watu wa kubuni nitawasahau na kuwachanganya. Nikaingiza wajomba, nikaingiza wachezaji wa timu yetu ya Maganzo, nikamwingiza mume wa Shija nikampa kazi ya baruti. Nikajiingiza mimi. Jina, jina la baba, la mama, siku ya kuzaliwa, kijiji. Halafu kidole kikaenda chenyewe. Nikakuandika wewe. Nilitaka tu kuliona jina lako limeandikwa mahali, Doto. Kule kwenye duara hakuna aliyewahi kutuandika popote. Tulijulikana kwa sura, na sura yenyewe ilikuwa moja.

Mashine ikajibu: Mtu huyu ameshaandikishwa. Ikanifungulia ukurasa wangu.

Nikarudia, nikidhani nimekosea herufi. Ikajibu vile vile. Nikakushusha mgodini pamoja nami, nikatumia jina lako, ikakubali. Kisha nikajipandisha mimi peke yangu. Nikaomba orodha ya waliobaki chini, na kioo kikasema: Hakuna aliye chini. Zamu imekamilika.

Nilitazama maneno yale mpaka Mzee Sultani akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Kosa lenyewe lilikuwa na sababu nzuri, na ndiyo maana ningetaka uwepo ulione. Zubeda amekulia huku, anatujua Wasukuma. Anajua mtu leo anajiita kwa jina la nyumbani, kesho kwa la ubatizo, keshokutwa kwa lile alilopewa kwenye ngoma. Akahofia mtu mmoja ataandikishwa mara tatu. Kwa hiyo akaiambia mashine isijali jina la kwanza. Wakifanana baba, mama, siku ya kuzaliwa na kijiji, ihesabu ni mtu mmoja mwenye majina mengi. Ni akili kabisa, ila haikukumbuka kwamba kuna tumbo linalotoa Kulwa na Doto siku moja.

Sikumwambia asubuhi hiyo. Nilikaa nalo mpaka mchana, nikijifanya najaribu mambo mengine. Nilijua nikisema ataniuliza nimefikaje hapo, na nitalazimika kusema. Mwishowe nikamwambia, kwa utaratibu wake ule ule, nilifanya nini, nilitegemea nini, nikaona nini. Akashika kichwa. Akasema, "Kaka, umeokoa watu." Alirekebisha siku hiyo hiyo, akamwita baba yake kutoka dukani kumwambia. Mzee Sultani akaleta sambusa. Kila mtu akanipa mkono, na mimi nikala, Doto. Nilikula sambusa za kusifiwa kwa kitu nilichokijua kwa sababu wewe ulikufa nacho.

Sasa na mimi nijipime kwa utaratibu huo. Hatujawahi kuongea habari za siku ile, kwa sababu ambayo unaijua.

Nilifanya nini. Tochi yangu ilizima tukiwa chini. Ulisema, "Nenda wewe kanunue betri, mimi namalizia hapa. Na usikae." Nikapanda. Msimamizi wetu, Mzee Nyanda, alikuwa amekwenda kutafuta kamba mpya, hakuniona nikitoka. Nikapita kwa Mama Rehema, mama lishe wetu, akanipa chapati mbili kama kawaida yake, maana alisema hawezi kumlisha pacha mmoja mwingine akamtazama. Yako nikaitia mfukoni. Nikiwa hapo akapita Mathayo, yule kijana wa kamba, akauliza, "Doto, mmepumzika?" Nikamjibu, "Tumepumzika." Sikufikiri hata kidogo. Niliitika jina lako kama nilivyoliitika maisha yangu yote. Kisha nikachukua baiskeli nikaenda Kharumwa, nikanunua betri, na kwa kuwa kinyozi hakuwa na foleni, nikakaa nikanyolewa. Redio ilikuwa inatangaza mpira. Nikangoja kipindi cha kwanza kiishe.

Nilitegemea nini. Nikukute umekasirika. Nilikuwa nimeandaa uongo kuhusu pancha.

Nikaona nini. Nilikuta watu wamekaa kuzunguka duara wanakunywa maji. Ukuta wa ndani ulikuwa umeanguka, mbele kabisa ya yale matimba uliyoyapiga teke asubuhi, mahali ambapo mguu wako haukufika. Walikuwa wamewatoa wawili wakiwa hai. Mzee Nyanda alikuwa ameuliza nani mwingine yuko chini, na Mathayo akasema wale mapacha wako juu, ameongea na Doto kwa Mama Rehema, wamepumzika wote. Wakaacha kuchimba. Kulikuwa na mama mmoja anaimba pambio la shukrani. Mzee Nyanda aliponiona akaja kunikumbatia, akasema, "Pole Doto, Mungu amewaficha. Kulwa yuko wapi?"

Nikasema mimi ndiye Kulwa.

Nadhani unajua yaliyofuata kuliko mimi. Walichimba kwa mikono, kwa masufuria, Mama Rehema na sahani zake. Walipokufikia ulikuwa umekaa, umeegemea mwamba, huna jeraha. Hilo ndilo linaloniamsha. Hukupondwa. Ulikuwa umefungiwa, ukasubiri, na huku juu watu wakapumzika kwa sababu mimi nilisema tumepumzika. Sijui ulisubiri muda gani na sitaki mtu aniambie. Chapati yako niliikuta mfukoni wakati wa kuvua nguo.

Mathayo alikuja msibani akalia mpaka akashindwa kusimama. Sikumwambia kwamba hakukosea, kwamba alimwita Doto na Doto akamwitika. Nilimwacha abebe. Hili pia nakuandikia, na nikienda kule nitamtafuta nimwambie. Nimesikia anafanya kazi ya ulinzi siku hizi, huku huku upande wa Geita. Tangu siku ile sijakalia kiti cha kinyozi. Najinyoa mwenyewe na wembe, vibaya, na Zubeda husema kichwa changu ni shamba lililopitiwa na ng'ombe.

Nakaribia kumaliza. Bado jambo moja, na ndilo lililonikalisha kuandika.

Zubeda aliporekebisha programu nilikuandika upya, na safari hii ikakukubali. Doto Lushinge, peke yako, ukurasa wako mwenyewe. Nikatushusha wote wawili, nikajipandisha mimi, nikaomba orodha. Ikaandika: Bado yuko chini: Doto Lushinge. Na chini yake: Zamu haijakamilika. Isifungwe.

Ningepaswa kukupandisha pale pale niendelee na majaribio mengine. Sikuweza. Nikakuacha. Kila mwisho wa zamu ya majaribio niliwapandisha wajomba na wachezaji na shemeji yetu, wote, nawe nikakuacha, ili tu mashine iandike tena kwamba bado yuko chini Doto Lushinge. Ilikuwa inakuulizia. Kila siku, bila kuchoka, bila kudanganywa na mtu anayekula chapati. Nilikuwa nawahi kazini ili niisome. Unaweza kuniona mwehu. Lakini siku ile hakuna aliyekuulizia, Doto, na mimi nilikuwa nasikiliza mpira.

Juzi Zubeda alipitia orodha kabla ya kupeleka programu Geita. Akaniuliza, "Huyu Doto asiyepanda ni nani?" Nikamweleza. Nilimweleza yote, hata kinyozi. Hakusema pole, na nilimshukuru. Alisema taratibu kwamba tukimwacha hapo, walinzi watazoea kuliona jina moja kila jioni. Watasema ah, huyo ni yule yule. Na siku yatakapokuwa majina mawili hawatatazama. Akaacha funguo za chumba mezani, akaenda kula kwao.

Basi leo mchana nilikaa peke yangu. Nilitaka niandike barua hii kwanza ndipo nikupandishe, nikaona nitakuwa nazunguka tena. Nikatafuta ukurasa wako. Nikasoma jina la Baba, jina la Mama, siku yetu. Nikagusa mahali palipoandikwa Amepanda. Mashine ikauliza kama inavyouliza kwa kila anayepandishwa: Umemwona kwa macho yako? Swali hilo mimi ndiye niliyemwomba Zubeda aliweke. Nikakaa nalo. Nilikuona, Doto. Mzee Nyanda alitaka kunifunika macho nikamsukuma. Nilikuona kwa macho yangu. Nikajibu ndiyo.

Kesho wanafutwa watu wote wa majaribio, programu inakwenda getini, na mimi naifuata kuwafundisha walinzi. Nitawaambia kwamba mtu akiulizwa habari za mwenzake asijibu kwa niaba yake, hata kama ni ndugu, hata kama walilala tumbo moja. Nikimwona Mathayo nitamwanzia yeye. Halafu nitakwenda nyumbani. Mama ataniita kwa jina lako, na nakuahidi sitaitika. Nitasogea karibu, nimshike mkono, nimwambie, "Ni Kulwa, Mayu." Ataumia, nami nitaumia, lakini jina lako litabaki lako, na atakayelitaja atakuwa anakuulizia wewe.

Nenda salama, mdogo wangu. Nimekulilia, na Bibi asijue.

Ni mimi, Kulwa.